Mtani Kwenye Mlango wa Kua

Vijana wa kitengo cha wageni, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na mkaniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kuwasaidia kazini. Saa inakwenda vizuri. Mambo mawili matatu ndiyo yamenisumbua, kwa sababu kila nikishika moja linakuja na nduguze. Basi nitaandika kama nilivyokuwa nikitembeza watu: tunaanzia gatini, tunasimama pale panaponipendeza mimi, na aliyechoka akae kivulini atusubiri. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa haba, na mishahara yenyewe mnaijua.

Nilifika Mafia na shahada ya historia, suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi. Boti ya kutoka bara ilinivua heshima yote hiyo kabla hatujaiona minazi ya Kilindoni. Nilitapika mbele ya abiria ambao wengi wao walikuja kuwa majirani zangu, na wapo ambao mpaka leo tukikutana sokoni huniuliza kwanza hali ya tumbo, ndipo waulizie watoto. Hifadhi ya bahari ilikuwa bado changa, na mimi nilidhani nimeajiriwa kulinda samaki. Mkuu wetu wa wakati ule, mtu asiyependa maneno mengi, alipitia vyeti vyangu, kisha akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia nimezaliwa Tabora.

"Basi samaki tutawalinda sisi," akasema. "Wewe utapeleka wageni kwenye magofu."

Ndivyo nilivyokabidhiwa vivutio vya Ghuba ya Chole, kuanzia popo wa Chole hadi mji uliokufa wa Kua, kule Juani. Pamoja navyo nilikabidhiwa nahodha, jina lake Faki.

Faki alikuwa mtu wa Juani hasa, rika langu, mwembamba, mwenye mdomo usiojua likizo. Zamani alivua kama baba yake. Maboya ya hifadhi yalipowekwa kwenye maji waliyozoea kutega, yeye akapewa usukani wa mashua ya wageni, na usukani huo ndio ukawa unainjika chungu nyumbani kwake. Asubuhi yangu ya kwanza alinitazama nikiteremka gatini, viatu mkononi.

"Kabila gani, bwana mkubwa?"

"Mnyamwezi."

Akacheka mpaka akakaa. "Alhamdulillahi. Nimeletewa mtani. Njoo ubebe nanga, mpagazi wangu."

Nikaibeba nanga. Nikamwambia kwamba babu zangu walibeba mizigo ya watu wa pwani kwa sababu watu wa pwani hawakuweza kuinuka kwenye kahawa. Akafurahi sana. Kwa wale waliozaliwa mijini na hawajui mambo haya: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na dawa yake ni moja tu, kumrudishia. Sisi wawili tulirudishiana kwa miaka mingi, na sikumbuki siku niliyokwenda kazini nikiwa na uso wa kwenda kazini.

Faki ndiye aliyenifundisha kazi. Viatu vya ngozi alivitupa nyuma ya mashua, akanivalisha vile vya plastiki vya sokoni, akisema mwamba wa Juani haujasoma na hautatambua shahada yangu. Alinifundisha kwamba ratiba ya mgeni hupangwa na maji, haipangwi na ofisi. Kua unaiendea maji yakijaa, mashua ikipita katikati ya mikoko. Yakipwa kabla hujaondoka, mnakaa topeni mkitazamana mpaka bahari iwakumbuke. Nimewahi kukaa hapo na mhadhiri mmoja na mkewe ambao asubuhi walikuwa hawasemezani. Mchana walikuwa wanasemezana vizuri kabisa, kunihusu mimi.

Vifaa vyangu vilikuwa panga la kufyekea njia, filimbi, na maji ya kunywa kuzidi yale mgeni anayodhani anahitaji. Ramani sikubeba. Visiwa vyetu ni vidogo, ukipotea endelea tu kutembea, utatokea pwani.

Kuhusu wageni wenyewe, nitawapa machache. Mkifika Chole kwenye miti ya popo, mwambieni mgeni afunge mdomo kabla hajaangalia juu. Hili niliacha kulisema mara moja tu. Mkimpeleka kuona potwe, mwambieni kwamba papa yule ni mpole kuliko karani yeyote, lakini msimlaumu asipowaamini. Mtu akikiona kichwa kile kipana kinamjia chini ya maji, hurudi chomboni bila kutumia ngazi. Na mkipanda kaskazini mpaka Ras Mkumbi, msiusifu mno mnara wa taa kabla hamjafika, maana njia ni ndefu na mgeni hufika akiwa amejenga mnara wake kichwani. Bwana mmoja kutoka Dodoma aliuzunguka, akautazama juu na chini, kisha akaniuliza unafanya nini mchana. Nikamwambia ni kama sisi watumishi, unasubiri jioni.

Lakini moyo wangu ulikuwa Kua. Nilipenda kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizokumbatiwa na mizizi hadi huwezi kujua nani amemshika nani. Nilipenda misikiti yake, makaburi yake, na lile jumba la ghorofa lililobaki na ngazi isiyokwenda popote. Mwanzoni nilihutubia. Wageni walisinzia wakiwa wamesimama, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Siku moja mama mmoja wa makamo aliniinulia mkono kwa adabu, akauliza, "Samahani, mwalimu, hapa walikuwa wanapikia wapi?" Sikujua. Tangu siku hiyo nikaanza kuuangalia mji ule kama mahali ambapo watu waliamka na njaa, na kazi yangu ikawa nzuri zaidi.

Faki peke yake ndiye aliyekuwa haingii. Alitufikisha, akafunga kamba kwenye mkoko, akabaki chomboni. Nilidhani ni uvivu, nikamtania kwa uvivu kwa muda mrefu, naye akanijibu kwa bidii. Mpaka siku moja nikamwuliza kwa sauti ya kuuliza.

"Sisi kwa Kua hatuingii," akasema.

"Sisi nani?"

"Sisi, kwa bibi yetu."

Akanisimulia. Zamani, Kua ikiwa bado mji wenye watu, bibi mkubwa wa ukoo wao aitwaye Mwana Hidaya alikwenda kisimani kuchota maji. Wanawake wenzake wakamwambia mbele za watu kwamba amechota nje ya zamu. Akautua mtungi chini, ungali na maji, akatoka mlangoni, akaenda kujenga upande wa pili wa kisiwa. Huko akaapa kwamba yeye na uzao wake hawatauvuka tena mlango wa Kua mpaka watu wa Kua wenyewe wamwite. Watu wa Kua nao walikuwa na viburi vyao, hawakumwita. Kisha mji ukafa.

"Waliokuwa wa kumwita hawapo," Faki akamalizia. "Kwa hiyo bado tunasubiri."

"Mnasubiri kuitwa na wafu?"

"Haraka ya nini?"

Tuliishi hivyo vizuri tu, yeye chomboni na mimi magofuni, hadi ikaja amri mpya. Kila mashua ya wageni iwe na mtu mmoja aliye nahodha na mwongozaji kwa pamoja, mwenye beji, atakayetahiniwa papo hapo kwenye kivutio chenyewe, mbele ya mkaguzi kutoka bara. Amri yenyewe haikuwa na ubaya. Nafasi chomboni ni ndogo, na mimi nilikuwa naikalia. Lakini kwa Faki maana yake ilikuwa moja: ama aingie Kua, ama aachie usukani.

Nilikwenda kwa mkuu. Wakati huo tulikuwa na mkuu mwingine, mpole, mwenye kupenda maelezo.

"Mkuu, Faki ana udhuru wa kifamilia."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Bibi yake aligombana na watu kisimani."

"Pole yake. Lini?"

"Kabla ya Wajerumani."

"Bwana Mathias," akasema, "nikimsamehe mmoja kwa ajili ya bibi yake, kesho kila mtu hapa atakuwa na bibi."

Alikuwa anasema kweli. Nikarudi gatini nikamweleza Faki.

"Basi nitarudi kuvua," akasema.

"Utavua wapi?"

Akayatazama maboya. Ile ndiyo siku pekee Faki aliyokosa neno la kumrushia mtani wake.

Hata hivyo tukaanza masomo, kwa sababu mwalimu hana njia nyingine ya kukabili msiba. Nilichora mji mzima mchangani kwa ncha ya upondo wa kusukumia mashua: msikiti huu, makaburi haya, jumba hili. Faki alishika upesi. Aliniuliza maswali ambayo wanafunzi wa chuo kikuu hawakuwahi kuniuliza, kama vile kwa nini kichwa changu ni kikubwa kuliko msikiti niliouchora. Baada ya wiki chache alikuwa na kila kitu cha mwongozaji isipokuwa ruhusa ya kuingiza miguu.

Ndipo nikaenda Juani kumwona mama yake. Bi Zaina alikuwa amekaa barazani anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, vidole vinakwenda bila yeye kuviangalia.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba. Umekuja kumfunza mwanangu kuvunja kiapo."

"Nimekuja kuuliza kama kiapo kina mlango wa nyuma."

"Hakina. Kina wa mbele tu. Tuitwe."

"Na watu wa Kua wenyewe?"

"Na watu wa Kua wenyewe."

Nikasema basi mambo ni magumu. Akafunga fundo, akafunga jingine, halafu akaniuliza, "Kwenu huko, mtu akifa, watani huja msibani kufanya nini?"

"Hucheka. Huchukua vyombo. Hulala kaburini kuzuia maziko mpaka wapozwe. Wengine huvaa nguo za marehemu."

"Wakishazivaa?"

"Hutembea kama yeye, husema kama yeye."

"Hapo anayesema nani?"

"Marehemu," nikajibu, na hapo nikaona ninakopelekwa.

"Wale wa Kua ni watu wa pwani," akasema Bi Zaina. "Wewe Mnyamwezi. Ukisimama mlangoni mwao ukawasemea, nani atakukatalia?"

Nikajitetea. Nikasema mimi ni mtu wa historia, siwezi kuwawekea watu maneno mdomoni bila ushahidi. Akaniuliza miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia wageni nini. Nikakimbilia upande mwingine, nikauliza dini itasemaje.

"Mimi naswali tano, mwanangu. Hii siyo ibada, hii ni adabu. Mtu hukaa nje mpaka aambiwe karibu."

Sijui hadi leo kama ile ni mila ya Juani au aliitunga pale pale, mwani mkononi. Nimewauliza wazee kadhaa wa kisiwani, na kila mmoja alinitazama kama mimi ndiye niliyeitunga.

Tulikwenda maji yalipojaa asubuhi, sisi watatu tu. Bi Zaina alisema anakuja kusikiliza kama nitasema vizuri. Kofia yangu ya kazini alinivua mwenyewe, akanipa kofia ya kiua na kikoi vya marehemu mumewe, kwa hoja kwamba watu wa Kua hawakuwa waajiriwa wa hifadhi. Yeye akakaa kwenye jiwe, nje ya mlango. Faki akasimama karibu naye, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Niliingia, nikageuka, nikasimama pale pale nilipokuwa nikisimama na wageni kila siku. Nikaanza: "Sisi wakazi wa mji wa Kua, kwa kuzingatia mgogoro uliojitokeza..."

"Mtani," sauti ya Bi Zaina ikanikata, "hao ni wafu, siyo kamati."

Nikavuta pumzi. Nikaacha kusema kama wakazi, nikawasema wao kama mtani anavyotakiwa kuwasema.

"Watu gani ninyi? Mmejenga ghorofa, mkachonga milango, mkaleta sahani za kichina mkazipachika ukutani, mkashindwa kumstahi mwanamke mmoja kwa mtungi wa maji. Mmenuna mpaka miti imewaota kichwani. Mji mzima mmeukosa, kiburi tu ndicho hamjakikosa. Wapagazi wa babu yangu walikuwa na adabu kuliko mashehe wenu. Aibu yenu."

Nyuma yangu majani yalitikisika kidogo, ulikuwa upepo, na mimi nitaendelea kusema ulikuwa upepo. Kisha, sijui nilivyofika hapo, nikajikuta sisemi nao tena. Nikasema kwa niaba yao.

"Mwana Hidaya. Zamu ilikuwa yako. Rudi nyumbani, na wajukuu zako. Faki, ingia, karibu. Mlango hauna hata komeo."

Faki hakusogea. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia kama mtu anayemsubiri mwenzake aanze. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka kwamba mimi kwa wakati ule si mimi.

"Na mimi je?" Bi Zaina akauliza kutoka kwenye jiwe. "Mnamwita mtoto mnamwacha mama?"

"Faki na..."

"Nitaje. Ita upya."

"Zaina," nikasema, na lilikuwa jambo gumu kulitamka jina lile bila Bi mbele yake. "Zaina, mjukuu wa Mwana Hidaya. Karibu kwenu."

Akainuka, akakung'uta kanga. "Nipishe," akamwambia mwanawe, akapita, akaingia wa kwanza. Faki akamfuata mara moja, kama watoto wote wanavyofuata.

Bi Zaina hakutaka kuona msikiti wala jumba. "Kisima kiko wapi?" akauliza. Nikampeleka. Kilikuwa kikavu, kimejaa majani na mawe, na ukingo wake umebomoka upande mmoja. Aliinama akachungulia kwa muda.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho hiki."

"Kidogo hivi," akasema.

Mkaguzi alikuja mwezi ule ule, mama mtu mzima, mwenye kofia pana na kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Nilipanga niende kimya nyuma yao. Faki alianza kwa kujikwaa. Msikiti aliutaja vizuri, makaburi akayapa sifa za msikiti mwingine, na sehemu niliyoipenda zaidi, ile ya biashara na nchi za ng'ambo, aliiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nilikuwa natoka jasho. Walipofika kwenye jumba la ghorofa, mkaguzi akauliza, "Nyumba hii ilikuwa ya nani?"

Jibu alikuwa nalo. Tulilichora mchangani. "Inasemekana ilikuwa ya mtawala," ndivyo nilivyomfundisha.

Faki aliitazama ile ngazi isiyokwenda popote. Kisha akasema, "Hii, mama, sijui. Lakini kisima kile pale, bibi yetu alikuwa na zamu."

"Zamu ya siku gani?"

"Ya siku ile ile aliyonyimwa."

Mkaguzi akaiacha kalamu ining'inie. "Hebu nieleze," akasema.

Akaeleza. Aliwaigiza wanawake wa kisimani mmoja mmoja, akautua mtungi, akatoka mlangoni na kiuno cha Mwana Hidaya. Alizirudia hata zile hotuba zangu, ya kamati na ya matusi, akanifanya mimi mwenye kikoi kilichokuwa kinaanguka, jambo ambalo ni uzushi. Mkaguzi alicheka hadi akashika ukuta. Nyuma yao nilikohoa, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kupwa na mashua ingeketi. Hakuna aliyenisikiliza. Walipofika mlangoni kwa kutoka, yule mama alisimama kidogo, akamwuliza Faki kama sasa anaweza kutoka au anahitaji kuagwa. Faki akasema kutoka hakuna kiapo. Beji alipewa.

Safari iliyofuata tulikuwa na wageni wanne, wenyeji wa Arusha, na mimi nikaenda nao kwa mazoea. Faki alifunga kamba kwenye mkoko. Nikashuka na panga langu na filimbi yangu kama siku zote, nikaanza kuwaambia wageni waangalie wanapokanyaga. Nikahisi mkono begani.

"Wewe kaa na chombo, mtani," akasema Faki.

"Mimi?"

"Kuna mwingine?"

Akalichukua panga, akatangulia. Nilimsikia akiwasimamisha wageni mlangoni, akawaambia jambo, wakacheka, kisha sauti zao zikaingia ndani na kupotea kwenye miti. Nikakaa kwenye ubao wa nyuma. Haukupita muda nikahisi miguu imelowa. Nikainua ubao wa sakafu, nikaona maji yanapanda polepole, na kando yake kopo la mafuta lililokatwa, limechakaa ukingo kwa kushikwa. Nikalichukua, nikaanza kuyafua maji, kuyamwaga nje kopo kwa kopo, nikayafua mpaka waliporudi.

Miaka yote ile nilikuwa nikitoka Kua naikuta mashua kavu. Nilidhani haivuji.